Alama za Namba Kumi na Saba

Mama Profesa hakuwa mtu wa kuita watu ofisini kwake. Akiwa na neno alishuka mwenyewe maabara, akaegemea mlango, akalisema, akaenda zake. Kwa hiyo Jumatatu ile nesi alipochungulia na kusema, "Hadubini, unaitwa juu," mwenye jina roho ilimruka.

Hadubini ni jina la kupachikwa, msidhani alizaliwa nalo. Wenzake walimpa kwa sababu hapitwi na kitu. Akiletewa chai ataikagua kwanza, akiletewa umbea ataugeuza pande zote aone kama una mzizi. Alikuwa mtafiti msaidizi katika kituo kile cha magonjwa ya ngozi mwaka wa nne sasa, na hakuna aliyewahi kumkamata na kosa la hesabu.

"Funga mlango, mwanangu. Kaa."

Hilo "mwanangu" lilimtisha kuliko huo mlango.

"Wikendi hii nimesoma zile picha za mikono," Mama Profesa alianza. "Wagonjwa arobaini, wiki saba. Nimeona mikono mitupu, bila sura, bila jina. Nikatoa alama zangu, kisha nikazilinganisha na zako."

"Zimetofautiana?"

"Zimekubaliana mpaka raha. Watu thelathini na tisa umewapima vilevile ninavyopima mimi, na mimi kazi hii nimeianza wewe hujajua kutambaa."

"Thelathini na tisa," Hadubini alisema polepole. "Si wapo arobaini?"

"Wapo arobaini."

Kwa yule ambaye hakuwepo, utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Kuna ugonjwa unaitwa soriasisi. Ngozi ya mtu mwenye afya hujibadilisha taratibu, yapata mwezi mzima. Ya mgonjwa huyu ina haraka, hujibadilisha kwa siku chache tu, ikarundikana juu kwa juu na kufanya mabaka manene yenye magamba meupe yanayopukutika. Hauambukizi hata chembe, ila hebu kawaambie watu. Wagonjwa arobaini walipewa mafuta ya kupaka mikononi. Nusu walipata dawa mpya, nusu mafuta matupu, na nani kapata nini hakuna aliyejua, si mgonjwa, si nesi, si Hadubini. Kila Jumanne walikuja. Nesi alipiga picha, halafu Hadubini akayatazama mabaka kwa macho yake na kuyapa alama: rangi, unene, magamba, kila kimoja kuanzia sifuri hadi nne. Mwenye kumi na mbili hali yake ni mbaya, mwenye sifuri kapona.

Mama Profesa aligeuza karatasi iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa grafu yenye mistari miwili. Mweusi, ule wa picha, ulikuwa umelala palepale tangu mwanzo: tisa, tisa, tisa, nane, tisa. Mwekundu, ule wa macho ya Hadubini, ulifuatana nao wiki mbili, na wiki ya tatu ukaachana nao, ukawa unateremka kama mtu anayeshuka ngazi, nane, saba, sita, tano. Wiki iliyopita ulikuwa umefika nne.

"Namba kumi na saba," Mama Profesa alisema.

Hadubini alihisi masikio yakiwaka moto.

"Ni fundi cherehani," alisema.

"Sijakuuliza kazi yake."

"Labda picha, Mama. Labda taa ilikuwa..."

"Taa ni ileile iliyowapiga wenzake."

"Basi labda nilikuwa nimechoka."

"Uchoke kwa mtu mmoja, Jumanne tano mfululizo?" Mama Profesa alivua miwani yake. "Mwanangu, wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Na wao hawakuwa na grafu."

Hadubini aliitazama ile mistari miwili kwa muda. Kusema kweli, pamoja na aibu yote, kuna sehemu ya akili yake ilikuwa inajiuliza tu: inawezekanaje? Alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, chini ya taa ileile, na karatasi ileile ya alama. Imetokeaje?

"Kuna kitu kati yenu?"

"Haki ya Mungu, hakuna! Alhamisi iliyopita mvua ilinikuta barabarani, akanifikisha getini kwetu na mwavuli wake. Basi. Hata mkono wangu hajawahi kuushika."

"Wewe umeushika wake. Kila Jumanne, dakika kumi."

"Kwa glavu!"

"Kwa glavu," Mama Profesa alikubali, na mdomo wake ukajizuia kucheka. Kisha uso ukarudi mahali pake. "Nijibu hili sasa, na unijibu ukweli. Umewahi kumwambia chochote kuhusu alama zake?"

Hapo ndipo palipouma. Mgonjwa haambiwi alama mpaka utafiti uishe. Ni sheria ya kwanza, wanafundishwa hata kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.

"Jumanne iliyopita aliniuliza. Nikamwambia inapungua. Neno hilo tu, Mama."

Mama Profesa aliigeuza ile grafu kifudifudi.

"Haya. Alama zako zote za kumi na saba zinafutwa, zinabaki za picha. Kamati ya maadili nitaiandikia barua leo, na jina lako litakuwemo. Kupima wagonjwa unaacha, utabaki maabara na vioo vyako vya hadubini."

"Na yeye?"

"Yeye ana kosa gani? Akitaka kuendelea ataendelea, nitampima mimi. Lakini kesho atakuja hapa akiamini anapona, na haponi. Kama mafuta yake ni dawa au ni mafuta matupu, sijui mimi, hujui wewe. Tunachojua ni kwamba mpaka leo mkono wake uko vilevile. Wewe ulimwambia lile, wewe utamwambia na hili. Kabla sijamgusa."

"Atanichukia."

"Huenda," alisema Mama Profesa, na akavaa miwani yake.

Mtu mwingine angekwenda chooni akalia. Hadubini alikwenda kwa nesi.

"Nifanyie jambo. Chukua picha za wiki iliyopita, zote arobaini. Ziba namba. Zichanganye kama karata, kisha nipe moja moja."

"Leo kuna nini jamani?" Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi, lakini kazi yake aliijua. Alichanganya.

Hadubini alizipima zote. Mkono baada ya mkono, rangi, unene, magamba, aliandika bila kuinua kichwa. Saa moja na nusu ilikatika hivyo. Nesi alipofunua namba, kumi na saba ilikuwa imepewa tisa.

"Tisa ni sawasawa na ya Profesa," nesi alisema. "Basi macho yako ni mazima. Unahangaika nini?"

"Ndicho kinachonihangaisha."

Maana hakuutambua. Mkono aliodhani anaujua kuliko kitabu chochote ulipita mbele yake umelala kwenye kitambaa cha bluu, hauna mwenyewe, akaupa tisa na kuomba mwingine. Kwa hiyo macho hayakuwa na kasoro. Kasoro ilianza pale mwenye mkono alipokaa kitini.

Na ilianza wiki ya tatu. Alijua hata saa. Wiki ile walikata vipande vidogo vya ngozi, vidogo kuliko punje ya mchele, ili vitazamwe maabara. Wagonjwa wote waliuliza swali moja, nitapona lini. Fundi yeye aliuliza, "Naweza kuiona?" Akaiona. Aliinama juu ya hadubini ya chuma akakaa kimya mpaka Hadubini akadhani amesinzia. Halafu akasema bila kuinuka, "Kumbe ni kushona. Safu juu ya safu. Ila aliyeshona hapa alikuwa anakimbizwa, hakupiga hata pasi." Akacheka peke yake. Hadubini alikuwa ameeleza ngozi ile kwa madaktari, kwa wanafunzi, kwa wageni wenye tai, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona vizuri hivyo kwa mara ya kwanza. Alimtazama kisogo chake, ile futi ya kupimia iliyokuwa bado inaning'inia shingoni, akampenda palepale. Ila hakujiambia.

Nyumbani alimkuta mama yake anakunja nguo zilizokauka. Alichukua shuka upande wa pili, wakalikunja pamoja bila maneno. Mama yake alimvumilia mashuka mawili tu.

"Ni yule wa mwavuli?"

"Mwavuli gani, Mama?"

"Usinichezee. Alikufikisha pale getini, mwavuli wote juu yako, yeye kalowa chapachapa. Mwanamume halowi hivyo bure. Nikasema haya, Mungu amenisikia. Halafu shati likamteremka pale alipoinua mwavuli, nikauona mkono."

"Hauambukizi, Mama."

"Nani kasema unaambukiza?"

"Wewe. Ijumaa. Ulisema koti langu nilifue peke yake."

"Koti lilikuwa na tope."

"Lilikuwa safi!"

Mama alinyoosha ncha za shuka kana kwamba shuka ndilo lililokosa. "Wewe kutwa unachungulia ngozi za watu. Zote hizo, ukakosa nzuri ya kuchagua?"

Hadubini alicheka, hakutaka lakini alicheka. Kisha akamwekea mama yake mikono mbele ya macho. "Miaka minne nashika ngozi kama ile. Tazama. Kuna kitu?"

"Kushika kazini ni kazi. Kulala nayo ni jambo jingine. Na watoto je?"

Angeweza kudanganya. Ingekuwa mara ya pili ndani ya siku saba kumwambia mtu kisicho kweli.

"Inaweza kurithiwa. Mara nyingi haimfiki mtoto, lakini inaweza."

"'Inaweza.' Nimekusomesha miaka yote hiyo unirudie na 'inaweza.'" Mama aliketi juu ya kitanda, nguo mapajani. Sauti yake ilishuka. "Sina chuki naye, mwanangu. Simjui. Naogopa tu watakavyokutazama watu ukipita naye. Utakuwa unatazamwa mpaka uzeeni."

"Nafahamu, Mama."

"Yeye anajua unampenda?"

"Hajui. Anachojua ni kwamba anapona. Mimi ndiye niliyemwambia. Na haponi."

Mama aliziweka kando nguo za mapajani. "Basi umeyakoroga."

"Nimeyakoroga."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho kamwambie. Ila sijakukubalia lolote, usije ukasema nimekubali."

Jumanne saa tatu Fundi aliingia chumba cha kupimia bila kubisha, na Hadubini alipoinua macho alitamani ardhi ipasuke. Mtu huyu wiki saba zote alikuja na shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye kifundo cha mkono, hata siku za joto kali. Leo alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Amepita barabarani hivyo. Amekaa na watu hivyo.

"Daktari wangu, habari za tangu mvua?"

"Mimi si daktari, Fundi. Nimekwambia mara ngapi?"

"Mtu akinitibu namwita daktari. Nikuite nani, shemeji?" Alikaa, akaweka mkono wa kulia juu ya meza, chini ya taa, kama alivyozoea. "Leo nina habari. Usianze kupima kwanza, nisikilize. Unajua mimi sishoni kitambaa cheusi?"

"Sijui."

"Sishoni. Mwaka wa sita huu. Nyeupe nashona, kijivu nashona, rangi ya maziwa nashona hata usingizini. Nyeusi hapana. Kuna bwana mmoja alikuja kujaribu koti lake jeusi, nikawa namwekea pini begani, na magamba yangu yakawa yanamwagikia kwenye koti. Yanaonekana kama unga. Hakusema kitu. Aliyapangusa kwa vidole viwili, hivi, akalipa, akashukuru. Hakurudi tena. Nikasema basi, nyeusi nimeachana nayo." Alisogea mbele, macho yanacheka. "Sasa juzi Jumatano, siku moja tu baada ya wewe kuniambia inapungua, anaingia kijana anayeoa. Anataka suti. Rangi? Nyeusi tii. Nikafungua mdomo nimwelekeze kwa fundi wa jirani, nikajisikia nasema, 'Kaa nikupime.' Nimeshakinunua kitambaa. Kiko mezani kwangu. Jumamosi nakata."

Hadubini alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri. Aliyapanga vizuri, yana mwanzo na mwisho. Yote yakamkimbia.

"Fundi, haikupungua."

"Nini?"

"Mkono wako. Nilikwambia inapungua. Haikupungua."

Aliutazama mkono wake, kisha akamtazama yeye. "Imerudi?"

"Haikwenda kokote. Picha zinaonyesha uko vilevile kama ulivyokuja siku ya kwanza."

"Lakini ulikuwa unaandika. Nilikuona. Kila Jumanne unatazama, unaandika."

"Niliandika vibaya."

"Jumanne ngapi?"

"Tano."

"Wewe? Watu wote humu ndani wananiambia wewe unakagua hata chai, ukosee Jumanne tano?" Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Ulinionea huruma."

"Hapana."

"Usinifiche. Huruma naijua mimi, naisikia ikiwa bado mlangoni. Watu wananipa mkono kwa ncha za vidole, halafu wanatabasamu sana. Nilidhani humu ndani angalau kuna mtu mmoja ananitazama kama kitu cha kweli."

"Si huruma, Fundi. Nilikuwa naona. Nilikaa hapa, ukakaa hapo, nikatazama, nikaona nne. Sikukudanganya. Ndivyo nilivyoona."

"Kwa nini uone kisichokuwepo?"

Alifungua kinywa. Mlango ukagongwa, na Mama Profesa akaingia na faili lake na taa yake ndogo. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia nusu."

"Nusu nyingine itasubiri. Toka nje, mwanangu. Bwana, nitakupima mimi leo, kama bado uko nasi."

Fundi alikuwa anateremsha mkono wa shati wa kushoto, akakifunga kifungo. Kisha akakumbuka kwamba anapimwa, akakifungua tena, na Hadubini akatoka kabla hajaona zaidi.

Kwenye korido kulikuwa na benchi, na wagonjwa watatu wanaosubiri zamu, na dirisha la nesi mwishoni. Alikaa ncha ya benchi. Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko miaka minne. Hakuwaza kamati ya maadili wala barua. Aliwaza kitambaa cheusi kilicholala mezani kwa mtu kwa sababu yake. Kama ataondoka leo na vifungo vimefungwa, atavifunga mpaka lini? Miaka sita mingine? Na Hadubini hatamwona tena ila kwenye kipande cha kioo, kisicho na namba, kati ya vipande arobaini, asijue hata ni kipi.

Mlango ulifunguka. Fundi alitoka, mikono ya shati iko chini, vifungo vyote vimefungwa. Alipita mbele yake bila kusimama, akapita kwa nesi, akashika kitasa cha mlango wa nje. Hadubini aliuma mdomo.

Mkono ukabaki kwenye kitasa. Halafu akageuka, akarudi korido yote ile mpaka kwenye benchi. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta pini iliyoangukia zuliani.

"Nina swali. Nisipoliuliza litanikera mpaka kesho. Utajuaje kama si macho yako tu ndiyo mabovu?"

"Nimeyapima."

"Umepima macho yako?"

"Jana. Picha zote arobaini, namba zimezibwa, zimechanganywa. Yako niliipa tisa, sawasawa na Profesa. Sikujua hata kama ni yako."

Fundi alifikiri. "Kwa hiyo mkono wangu ukija peke yake ni mgonjwa."

"Ndiyo."

"Nikija nao mimi, unapona."

"Ndiyo."

"Na hawa?" Aliwaonyesha wale watatu kwenye benchi, ambao sasa walikuwa wameacha kujifanya hawasikii. "Hawa nao wanakuja na mikono yao. Mbona wao hawakupona?"

"Sisi hatukupona, kweli," alisema mzee mmoja.

"Wao niliwaona walivyo."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako."

"Kwa nini mimi peke yangu?"

"Kwa sababu nakupenda, Fundi! Au mpaka nikuchoree grafu?"

Nesi, aliyekuwa anapiga mhuri, aliacha mhuri hewani. Yule mzee alisema "Ehee," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuwa anangoja sehemu hiyo.

Fundi alikaa. Hakuchagua pa kukaa, alikaa tu pale miguu ilipomwishia, ubavuni mwa Hadubini. Hadubini alitazama mbele. Alikuwa ameanza, na hakuona sababu ya kuacha katikati.

"Na nisikilize mpaka mwisho. Sijui kama utapona. Huenda ulichopewa ni mafuta matupu. Huenda ni dawa na haikufai. Sitaki uondoke hapa ukidhani nimekupenda kwa sababu niliona unapona. Ni kinyume chake. Nilikupenda kwanza, ndipo nikaanza kuona hayo. Na jana nilipouona mkono wako ulivyo kweli, tisa yote, hakuna kilichopungua kwangu. Hilo nalo nimelipima."

Fundi alikizungusha kifungo cha mkono wa shati lake kwa vidole viwili.

"Huyo Profesa wenu," alisema mwishowe, "amenitazama mkono kama kitambaa kilichoingia maji dukani."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Najua. Nilikaa pale nikasema, sawa, hivi ndivyo ulivyo, jamaa. Kisha nikagundua kilichoniuma si alama. Kilichoniuma ni kwamba aliyekuwa ameshika taa si wewe." Alijikuna shingo. "Nilikuwa nakuja kila Jumanne kabla mlango haujafunguliwa. Hukujiuliza?"

"Nilidhani unapenda kuwahi."

"Mimi? Waulize wateja wangu kama nimewahi kumaliza suti ya mtu kwa siku niliyomwahidi."

Alicheka, Hadubini naye akacheka, na machozi yaliyokuwa yamekaa tayari tangu Jumatatu yakapata nafasi yao. Aliyafuta kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Mama yangu hakutaki," alisema. "Nakuambia mapema usije kusema nilikuficha na hili."

"Mama mzazi? Kwa ajili ya mkono?"

"Kwa ajili ya mkono."

"Ana haki ya kuuliza. Nitakwenda anione. Mchana, si kwenye mvua." Alianza kufungua kifungo cha mkono wa kulia. Alikifungua, akakunja mara moja, mara mbili, mpaka juu ya kiwiko, kisha wa kushoto. Mabaka yalikuwa pale, manene, yenye magamba meupe pembeni. Mama mmoja kwenye benchi aliyatazama, akatazama ya kwake, naye akapandisha kidogo mtandio wake uliofunika mkono.

"Na ile suti?" Hadubini aliuliza. "Utampelekea yule wa jirani?"

"Niipeleke kwa nini? Kijana nimempima mimi. Jumamosi nakata."

"Magamba?"

"Yatadondoka, kama yanavyodondoka siku zote. Brashi ninayo, na yeye nitamwambia ukweli kabla hajavaa. Akitaka kukimbia akimbie. Miaka sita nasubiri ngozi ipone ndipo nishone nyeusi. Inatosha." Alisimama, akaweka sawa shati lake, kisha akasimama tu, hana haraka ya kuondoka. "Itakuwa tayari wiki ijayo. Njoo uione kabla hajaichukua."

"Mimi?" Hadubini aliinua macho mekundu. "Fundi, hujasikia chochote nilichosema? Ukinionyesha suti uliyoshona wewe, bega moja likiwa juu ya jingine nitaapa imenyooka. Macho yangu kwako hayafai tena. Nimeondolewa kwenye kupima kwa sababu hiyo."

"Nimesikia vizuri sana," alisema Fundi. "Ndiyo maana nakualika wewe."